Swichi za pedeli ya klachi na breki zimewahi kukutesa? Tupeane uzoefu

Mzee wa Makambako (mleta uzi)
Wakuu, asubuhi nimekuta Probox ya jirani imezimwa, imefungwa, mwenyewe kalala, taa za breki zinawaka. Nimemgongea. Hilux yangu iliwahi kunilaza njiani betri imekauka kwa mchezo huohuo. Kuna kiplastiki kidogo kwenye mkono wa pedeli, ndicho kinachosukuma kichwa cha swichi ya taa za breki; kikibonyezwa taa zimezima, kikiachiwa zinawaka. Kikizeeka kinapukutika, tundu linabaki wazi, kichwa kinapenya humo na gari linajua umekanyaga breki usiku kucha. Ukikuta vipande kama maganda ya karanga kwenye kapeti, ndicho hicho. Haya, semeni na yenu.

Kimara Mwisho
Vipande hivyo nimevifagia sana nikimgombeza mtoto kwa takataka 😂

Bibie wa Carry
Yangu kinyume, haziwaki kabisa. Aliyenijulisha ni trafiki, 30,000 hiyo. Fundi kabadilisha balbu zote, kaniuzia na fyuzi, wapi. Kumbe swichi imelegea kwenye nati yake, hata ukikanyaga haijiachii.

Pwani Kwetu
Tundu la kiplastiki dawa yake sarafu na gundi.

Fundi Waya
Sarafu itadondoka. Pitisha boliti fupi na nati, ufike nyumbani, kesho ukanunue kiplastiki chenyewe maduka ya spea Gerezani, Dar, bei yake ya kuchekesha.
Dada wa Carry, siku nyingine mtu asikubadilishie balbu kabla hajainama chini ya dashibodi na testa ya kupimia umeme. Swichi ya kawaida ya breki ina nyaya mbili. Mmoja una umeme muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Wa pili unapata ukikanyaga tu. Wa kwanza hauna? Angalia fyuzi ya STOP. Wa kwanza unao, umekanyaga na wa pili kimya? Swichi imekufa au imekaa vibaya. Magari mapya yana nyaya nne, hapo usibahatishe.

Baba Mapacha
Njooni kwenye klachi sasa. Nilinunua pikapu ya Nissan Hardbody ya dizeli, nikaona inapiga stata bila kukanyaga klachi. Muuzaji ananiambia "hiyo imerahisishwa, bosi". Kumbe fundi wake aliunga moja kwa moja nyaya za swichi ya klachi, ile inayozuia stata hadi ukanyage.
Jumapili imepaki ikiwa gia ya kwanza, handibreki legelege. Shemeji yangu anaiosha, akataka redio. Kasimama NJE, kaingiza mkono dirishani, kazungusha ufunguo hadi mwisho. Ikaruka, ikadaka moto, ikaanza kutembea yenyewe mdogomdogo. Kijana anakimbia pembeni kashika usukani, kitambaa cha kuoshea begani, anaiambia "ngoja, ngoja, ngoja!" Ikalala na ua wa michongoma, ikapitia banda la kuku la jirani, ikazimika kwenye tangi la maji. Jirani katoka bafuni na taulo, povu masikioni. Shemeji anamwambia "shikamoo mzee".

Kimara Mwisho
"Ngoja ngoja ngoja" 😂😂😂 nimemwaga chai

Dereva wa Kijiji
Pole, ila kosa ni kupaki kwenye gia. Mimi yangu nimeiunga na sitaitoa. Ikizimika katikati ya mto unaweka gia ya kwanza, unaivuta kwa stata hadi kavu. Swichi ikifa huku porini utamwita nani?

Fundi Waya
Mlimani kwenye handibreki mbovu usipoiacha kwenye gia utaiacha wapi? Kuunga ni kwa kupima tu: gia huru, handibreki juu, chomoa soketi ya swichi, unganisha matundu mawili kwa kipande cha waya. Stata ikipiga, swichi ndiyo mgonjwa. Nunua nyingine, toa waya wako.

Dereva wa Kijiji
Wewe unauza spea, lazima useme hivyo.

Fundi Waya
Siuzi hata skrubu.

Bibie wa Carry
Kabla ya kununua chochote, vuteni kapeti. Ya kaka yangu haikupiga stata wiki nzima, kumbe kapeti jipya nene linazuia klachi isifike chini ikagusa swichi.

Mzee wa Makambako
Hii ya kapeti naichukua.

Pwani Kwetu
Baba Mapacha, kuku walikufa wangapi?

Baba Mapacha
Jogoo tu. Jirani alidai bei ya mbuzi, na shemeji akalipa.