Mjadala: Watoto wanaojifunza kusoma wagawanywe kwa viwango au wachanganywe?

Mleta hoja:

Kuna mtoto wa darasa la pili anayenisomea ukurasa mzima bila kukosea. Kidole kinapita chini ya mistari, sauti iko juu, uso umejaa furaha. Juzi nikakisogeza kile kidole hadi katikati ya mstari wa tatu, nikamwambia aanzie hapo. Akanyamaza. Kisha akarudi juu kabisa, akaanza upya kutoka sentensi ya kwanza. Kumbe ukurasa wote ameukariri kwa kuwasikiliza wenzake, na hata 'b' na 'd' bado zinamchanganya. Muda wote huo amekaa katikati ya wanaojua kusoma na hakuna aliyegundua, mimi nikiwemo.

Kwa ajili ya watoto kama huyu naomba tujadiliane. Msimamo wangu nausema mapema ili mnipinge vizuri: wagawanywe kwa kile wanachoweza kusoma, lakini kwa saa moja tu kila siku, na makundi yapangwe upya kila baada ya wiki chache. Saa nyingine zote wakae pamoja.

Kusoma kuna ngazi, na kwa Kiswahili zinaonekana wazi kwa sababu tunaandika karibu kama tunavyotamka. Mtoto akizijua irabu 5 na akaweza kuunganisha 'b' na 'a', basi 'baba', 'bibi' na 'babu' ni vyake. Wengi hukwama kwenye herufi mwambatano. Anasoma 'kuku' vizuri kabisa, akifika kwenye 'ng'ombe' anasimama. 'Mbuzi' ina silabi mbili, mbu-zi, lakini 'mbuyu' ina tatu, m-bu-yu, na herufi za mwanzo ni zilezile! Huyu anahitaji robo saa ya 'mb', 'nd' na 'ng'', leo hii. Aliyekaa pembeni yake anahitaji hadithi na maswali ya "kwa nini". Ukiwasomesha wote aya moja kwa sauti ya pamoja, wa pili anapoteza muda na wa kwanza anafuatisha midomo ya wenzake.

Nchini India shirika la Pratham limefanya kazi hii kwa miaka mingi. Mtoto anaonyeshwa herufi, maneno, aya na hadithi fupi, kisha anawekwa kundi kulingana na alipoishia, si kwa umri wala darasa. Jambo moja kutoka huko nalitilia mkazo: kuwapa walimu mafunzo peke yake hakukutosha. Matokeo mazuri yalikuja pale shule zilipotenga muda maalumu kila siku na walimu wakafuatiliwa.

Mama wa wawili:

Mwalimu, heshima yako iko palepale, ila hapa sikubaliani nawe. Mwanangu wa kwanza aliwekwa kundi la chini. Mwalimu wao aliyapa makundi majina ya wanyama ili watoto wasijue. Mwanangu alikuwa kobe. Wiki haijaisha, wenzake walishaanza kumwita kilaza. Niliambiwa ni kwa muda tu, akakaa humo mwaka mzima. Nyumbani alishaanza kunisomea maandishi ya kwenye pakiti za vyakula, lakini hakuna aliyempima tena. Alichojifunza vizuri kuliko vyote mwaka ule ni kwamba yeye si wa kusoma. Mimi nasema wachanganywe, anayejua amsaidie asiyejua.

Mwalimu wa darasa la kwanza:

Dada hapo juu, pole sana. Mimi swali langu ni la kazi. Nina watoto 70 na ubao mmoja. Nikikaa na kundi moja, yale mengine yanafanya nini? Hoja nzuri sana kwenye karatasi.

Mleta hoja:

Mama, uliyoyaeleza ni makosa yetu walimu na siyatetei. Kundi lisilo na tarehe ya kuvunjwa si kundi, ni hukumu. Nakubali pia kwamba majina ya wanyama hayafichi kitu. Afadhali liitwe kundi la 'mb' wiki hii, na wiki ijayo la 'ng''. Mara nyingi kundi la chini hupewa mwalimu mgeni au asiye na uzoefu, na hilo linaniuma. Lipewe mwalimu hodari kuliko wote. Kuhusu kusaidiana, nakuunga mkono kwa sharti moja: anayejua asimtajie mwenzake neno. Amwonyeshe silabi, kisha asubiri.

Mwalimu mwenzangu, kwa watoto 70 usianze na makundi manne. Anza na mawili: wanaoweza kusoma neno peke yao na wasioweza. Wanaoweza wasomeane wawili wawili, wewe ukae na wengine. Kama shule inakubali, madarasa matatu ya chini yaweke kipindi cha kusoma saa ileile, kila mwalimu achukue ngazi moja, watoto wahame vyumba. Kumpima mtoto mmoja hakuzidi dakika chache, gawanya kazi hiyo kwa wiki nzima.

Mwalimu wa darasa la kwanza:

Hilo la kuhama vyumba naweza kulijaribu. Ila wa darasa la tatu akijikuta na wa la kwanza, atakubali kuja kesho yake?

Mama wa wawili:

Tarehe ya kupimwa upya ikibandikwa ukutani, mzazi akaiona, mimi nitalegeza msimamo. Lakini mwalimu aliyeibandika akihamishwa katikati ya muhula, nani ataikumbuka?