Msaada wa haraka: QUEDAR kwa Kihispania maana yake nini hasa?

Mpangaji_Valencia: Wakuu, habari za jioni. Niko Valencia, Kihispania ndiyo najifunza. Neno quedar linanitesa. Darasani tuliambiwa ni kubaki, lakini kila ninapolisikia, kubaki hakuingii. Naombeni jibu leo leo.

Mwl_Jioni: Usitafute maana moja. Quedan dos euros: zimebaki yuro mbili. La estación queda lejos: stesheni iko mbali. Ese vestido te queda bien: gauni hilo limekukaa. He quedado con Ana: nimepanga kukutana na Ana. Halafu kuna quedarse: me quedé dormido, nilipitiwa na usingizi.

BintiTanga: Umenikumbusha Zanzibar, nilipokuwa napokea wageni. Wahispania walimwambia dereva "quedamos a las siete". Maana yake tukutane saa moja, ila siete ni saba: kasikia siete, kaenda saa saba mchana. Wenyewe walimaanisha saa moja jioni!

MzeeBaraza: Vijana, lugha haisomwi kwa pupa. Kaeni na kitabu.

Mwl_Jioni: Weka sentensi nzima, ndugu. Na haraka ya nini?

Mpangaji_Valencia: Ni ujumbe wa mwenye nyumba: "Si te vas el sábado, me quedo con la fianza." Fianza ni dhamana niliyoweka nilipoingia. Nimeelewa kwamba nikiondoka Jumamosi anabaki nayo, yaani ananitunzia. Sivyo?

Mwl_Jioni: Sivyo. Quedarse con kitu ni kukichukua kiwe chako. Dukani ukisema "me lo quedo", umeshanunua. Anakwambia hairudishi. Ulimpa taarifa lini?

Mpangaji_Valencia: Juzi, kwa WhatsApp. Lakini nimekaa zaidi ya nusu mwaka, tiketi ya Bilbao nimeshakata na kazi inanisubiri. Kodi ya mwezi huu pia sijalipa, atakata humo humo kwenye dhamana. Wenzangu hapa wanafanya hivyo.

Shemeji_Madrid: Hapo ndipo penye shida. Kama ni nyumba nzima ya kuishi, sheria ya upangaji ya 1994 inakuruhusu kuvunja mkataba baada ya miezi 6, ila kwa taarifa ya siku 30 kabla. Na dhamana ya mwezi 1 haikuwekwa iwe kodi.

MzeeBaraza: Deni la nyumba halikimbiwi, kijana.

Kipanga: Mbona kila akiulizwa inazaliwa habari mpya? Kwanza darasa, mara mwenye nyumba, sasa Bilbao. Te estás quedando conmigo. Hii ni chai.

BintiTanga: Hiyo nayo ni kubaki?

Mwl_Jioni: Hapana, hiyo ni ya Uhispania: "unanichezea akili".

Mpangaji_Valencia: Si chai, jamani! Ujumbe unaendelea: "Quedamos a las siete y me das las llaves." Nimpe funguo au nisimpe?

Kipanga: Weka picha, ficha namba.

Shemeji_Madrid: Mpe, lakini muandikishane tarehe na hali ya nyumba, wote mtie sahihi. Mwezi 1 ukipita tangu akabidhiwe funguo, dhamana anayopaswa kukurudishia inaanza kuzaa riba ya kisheria. Ila siku za taarifa ulizoruka atazidai, pamoja na hiyo kodi. Mwombe mkubaliane kabla ya Jumamosi, kwa maandishi.

Mpangaji_Valencia: Nitamwandikia usiku huu. Lakini Jumamosi naondoka.