Landi (Land Rover) Series III: nikikanyaga breki, indiketa inawaka

Landi ya Dunga:
Hamjambo wakubwa. Nina Landi Series III ya 1978, ile ndefu ya 109. Mjomba aliitumia miaka mingi Nandi Hills kisha akaniachia, sasa iko nami Kisumu. Usiku nikiwasha taa, zote ziko sawa. Nikikanyaga breki, taa ya nyuma ya kulia inakaribia kuzima, na indiketa za kulia, ya mbele na ya nyuma, zinawaka kwa unyonge bila kupepesa. Upande wa kushoto hauna shida. Balbu na flasha (kile kifaa kinachopepesa indiketa) nimebadilisha, fyuzi ni nzima. Fundi mmoja anataka kung'oa nyaya zote aweke mpya za rangi moja. Mjomba aliitunza sana hii gari na roho yangu inakataa. Nianzie wapi?

Mama Testa:
Kaka, roho yako iko sawa. Asikate hata waya moja. Zile rangi ndizo ramani ya gari: kahawia inatoka betri moja kwa moja, nyeupe inapita swichi ya ufunguo, kijani imeshapita fyuzi, nyekundu ni taa ndogo, nyeusi ni athi, yaani njia ya umeme kurudi betri. Kijani yenye mstari wa zambarau ni breki, kijani yenye mstari mweupe ni indiketa ya kulia. Ukiweka rangi moja, anayekuja baada yako ataanza kubahatisha, na gari ya zamani huharibiwa hivyo, kidogo kidogo.

Unachoeleza ni athi ya nyuma kulia. Umeme wa breki unafika kwenye balbu, lakini njia ya kurudi betri imekatika. Basi unatafuta nyingine, kama matatu zinavyopita vichochoro Kondele ikifungwa: unaingia balbu ya indiketa ya nyuma, unafuata ile kijani-nyeupe hadi indiketa ya mbele, na huko ndiko unakopata athi nzima. Balbu tatu za wati 21 zinagawana volti 12, ndiyo maana zote ni nyonge. Ile taa ndogo ya nyuma nayo inapata umeme pande zote mbili za uzi wake, kwa hiyo inafifia.

Pima kabla ya kufungua chochote. Mita kwenye volti, ncha nyeusi kwenye hasi ya betri (ongeza waya ndefu ifike), ncha nyekundu kwenye waya nyeusi ya taa ya kulia. Mtu akanyage breki. Lazima kuwe na mzigo, yaani taa inayovuta umeme. Bila mzigo hata athi mbovu husoma sifuri. Ukipata zaidi ya volti 0.2, athi hiyo ni mbovu. Kisha unganisha waya ya muda kutoka hasi ya betri hadi hiyo nyeusi uone taa zitafanyaje.

Mzee wa Njoro:
Mama amemaliza. Naongeza la fyuzi, kwa sababu Landi nzuri imewahi kuungua nikiiona. Fyuzi za kioo za Lucas zilizoandikwa 35, hiyo 35 ni kiwango cha kukatika. Mzigo wa kudumu ni ampea 17 tu. Ukiuziwa ambayo 35 yake ni ya kudumu, waya itaungua kabla ya fyuzi. Muulize muuzaji. Na ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara badala ya fyuzi, tafadhali, kamwe.

Landi ya Dunga:
Asanteni sana. Mita imesoma volti 8 na kitu breki ikikanyagwa! Nimeweka waya ya muda, kila kitu kimekaa sawa. Ile nyeusi imefungwa kwa skrubu kwenye bodi, na kuna unga mweupe pale. Nikwangue tu nirudishe?

Mama Testa:
Usirudishe hapo. Bodi ni alumini, skrubu ni chuma, na unyevu wa ziwa uko hapo kila siku. Vikigusana vinalana, na huo unga ndio matokeo. Toa kwanza waya ya hasi ya betri. Vuta nyeusi mpya, nene, hadi kwenye chasisi. Piga msasa mpaka chuma king'ae, weka washa yenye meno, kaza bolti, kisha paka grisi juu, wala si katikati. Pima tena. Kushoto nako fanya hivyo hivyo wikendi hii, kwa sababu skrubu ya huko ina umri uleule.

Landi ya Dunga:
Nimekaza. Sasa inasoma 0.1, na breki zote mbili zinawaka nyekundu kamili. Kushoto naanza Jumamosi asubuhi.