Salem kwa siku moja: wapi ni mahali pa kweli pa kesi za uchawi, wapi ni maigizo?

MamaRehema
Habari zenu wakuu. Mwezi wa kumi nitakuwa Boston, Marekani, na nimepata siku moja ya kwenda Salem na mwanangu wa miaka 8. Matangazo ni mengi mno: majumba ya makumbusho, nyumba za mizuka, matembezi ya usiku, na kila moja linasema ndilo lenye historia ya wachawi wa 1692. Naomba mnisaidie. Wapi hasa pana uhusiano na zile kesi? Pale walipochomewa moto panafikika kwa miguu? Na kipi kitamtia mtoto hofu bure? Gari sina.

Karani_wa_Zamani
Karibu dada. Nianze na hilo la moto, maana wageni wengi hufika Salem nalo. Hakuna aliyechomwa. Massachusetts ilikuwa koloni la Waingereza, na kwa sheria yao adhabu ya uchawi ilikuwa kitanzi. Walionyongwa ni 19, wanawake 14 na wanaume 5. Wa ishirini ni Giles Corey, mzee wa miaka 80 hivi aliyekataa kujibu mashtaka, akawekewa mawe mazito kifuani mpaka akafa, 19 Septemba 1692. Wengine wasiopungua 5 walifia kifungoni.

Walinyongewa Proctor's Ledge, mwamba mdogo ulio Pope Street. Watafiti walipathibitisha Januari 2016, na ukumbusho ukazinduliwa 19 Julai 2017, miaka 325 kamili tangu wanawake watano waliponyongwa siku moja. Utakuta ukuta wa mawe uliopinda nusu duara wenye majina 19, na mti wa mwaloni katikati. Jina la Corey usilitafute pale, hakufia hapo. Watu wengi hupapita kwa sababu pako nyuma ya duka la dawa, katikati ya nyumba za watu, au hupanda hadi bustani ya Gallows Hill iliyo juu zaidi wakidhani ndipo. Wala si makaburi: udongo wa pale ni mwembamba mno kuzikia, na vipimo vya chini ya ardhi havikuonyesha mabaki ya mtu.

Katikati ya mji jengo lililobaki lenye uhusiano wa moja kwa moja na kesi ni moja tu: nyumba ya jaji Jonathan Corwin, inayojulikana kama Witch House, 310½ Essex Street. Corwin aliinunua 1675. Miaka ya 1940 ilisogezwa mita kama kumi barabara ilipopanuliwa, kwa hiyo hata yenyewe haipo penyewe hasa. Ndani utaona maisha ya karne ya 17, jiko, vitanda, dawa za wakati ule. Ukisikia kwamba washukiwa walihojiwa humo, usilichukue kama ukweli uliothibitishwa. Corwin na mwenzake John Hathorne waliwahoji hadharani, kijijini.

Hapo kwenye kijiji ndipo watu wanapopotea. Balaa lilianza mapema 1692 nyumbani kwa mchungaji Samuel Parris, pale binti yake Betty wa miaka 9 na Abigail Williams wa miaka 11 walipoanza kupiga mayowe na kujipindapinda mwili. Hiyo ilikuwa Salem Village, ambayo leo ni mji wa Danvers. Salem ya watalii ni ule mji wa bandari ambako mahakama ilikaa.

Nauli_na_Ramani
Dada, mimi nitajibu la safari tu.

Panda treni ya MBTA, shirika la usafiri wa umma la Boston, kutoka North Station. Usiende South Station, hilo ndilo kosa la kwanza la wageni. Njia ni ya Newburyport/Rockport. Treni ya tawi lolote kati ya hayo mawili inakufaa, kwa sababu yanaachana baada ya Salem. Ni kama nusu saa. Nauli ya kwenda tu, bila kurudi, ni dola 8, na Jumamosi na Jumapili kuna tiketi ya wikendi ya dola 10, kwa hiyo usinunue mbili za kawaida. Mtoto wa miaka 11 kushuka chini hasafiri kwa malipo akiwa na mtu mzima. Bei zitazame tena siku moja kabla.

Kivuko kutoka Long Wharf ni kizuri, karibu saa nzima baharini, ila ni cha msimu na ratiba yake hubadilika; hakikisha chombo cha kurudi kabla ya kukata cha kwenda.

Mwezi wa kumi mji unafurika watu, na wikendi ndiyo mbaya zaidi. Tiketi za kuingia hutolewa kwa saa maalumu na huisha mapema, hivyo nunua mtandaoni kabla ya kutoka Boston. Ukiweza, nenda Jumanne au Jumatano, ila angalia kwanza siku za kufungwa, maana si kila jumba hufungua kila siku. Usiku usiungoje: foleni ya kituoni huwa ndefu, na treni ikijaa mnabaki jukwaani na mtoto aliyechoka.

Mpangilio wa miguu usiokurudisha nyuma: shuka kituoni asubuhi, nenda Witch House kwanza kabla foleni haijakua, kisha elekea magharibi hadi Proctor's Ledge, dakika 20 hivi. Rudini mjini mpate chakula. Mchana malizieni Charter Street, penye ukumbusho na makaburi ya kale, iko karibu na kituo. Viatu viwe vya kutembea kweli, njia za pale zina matofali yaliyoinuka.

Bi_Kumbukumbu
Mama Rehema, kuhusu mtoto. Salem Witch Museum ni jengo lililokuwa kanisa. Mnakaa gizani, taa zinawaka juu ya jukwaa moja baada ya jingine, jumla 13, zenye sanamu za ukubwa wa binadamu, na sauti iliyorekodiwa inasimulia. Mtoto anayeogopa giza atataka kutoka katikati. Halafu jueni ni maonyesho ya kusimuliwa, vitu halisi vya enzi hizo vinatunzwa Peabody Essex Museum. Huko nako ulizeni kama chumba cha maonyesho ya kesi hizo kiko wazi kipindi hicho kabla ya kulipa. Ile sanamu kubwa nje ya Salem Witch Museum, mwanamume mwenye joho na kofia, si mchawi. Ni Roger Conant, mwanzilishi wa mji.

Mkipata nafasi ya kwenda mahali pamoja tu, nendeni kwenye ukumbusho wa 1992 karibu na Charter Street. Hakuna kiingilio. Mawe 20 ya matale yanatokeza ukutani kama viti, kila moja na jina, tarehe na namna mtu alivyouawa. Mlangoni tazameni chini: maneno ya washtakiwa wakilia kwamba hawana hatia yamechongwa kwenye mawe ya kukanyaga, kisha yanakatwa na ukuta katikati ya sentensi, kama walivyokatwa mahakamani. Msomeeni mtoto hayo, ataelewa kuliko kwenye sanamu yoyote. Wageni huweka vikombe vya kahawa na kula juu ya mawe yale. Tafadhali msifanye hivyo, watu huacha maua hapo.

Makaburi ya jirani ni ya 1637. Jaji Hathorne amezikwa humo, walionyongwa hawamo. Mawe yake ni membamba na yanavunjika, kwa hiyo mtoto asiegemee wala asipande.

MamaRehema
Asanteni sana, sikujua kabisa habari ya kitanzi. Swali la mwisho: hiyo Danvers, bila gari, inafaa kuongezwa siku hiyohiyo?

Karani_wa_Zamani
Inafaa ukipunguza kitu, na mimi ningeacha maigizo yote ya kulipia. Chukua teksi kutoka Salem hadi Rebecca Nurse Homestead, 149 Pine Street, kilomita 7 hivi. Rebecca alikuwa bibi wa miaka 71. Baraza la wazee wa mahakama lilimwona hana hatia, wakaambiwa watafakari tena, wakageuza uamuzi, naye akanyongwa 19 Julai. Shamba lake bado lina uwazi na ukimya ambao katikati ya Salem haupo tena. Hufunguliwa kwa msimu na kwa siku chache za wiki, kwa hiyo thibitisha kwanza. Na teksi ya kurudi iagize kabla hujamwachia dereva wa kwanza aondoke.