Barua pepe 1,840 kwa wageni wa zamani, majibu mawili. Nakosea wapi?

BintiJambiani
Assalaam alaykum wakubwa. Nasimamia nyumba ya wageni ya familia hapa Jambiani, vyumba tisa. Tuna kitabu cha wageni tangu 2014 na karibu kila mtu kaandika anwani yake ya barua pepe. Nikakesha nikizinakili, zikafika 1,840. Mwandiko wa Wajerumani lakini mtihani: moja yao utadhani saba. Pengine nimebahatisha tu.

Mwezi wa tatu, kabla ya masika, mpwa wangu kanitengenezea bango kwenye simu: bahari, mnazi, punguzo la Pasaka asilimia 20. Nikalibandika kwenye barua bila neno jengine, nikatuma kwa Gmail yangu ya kawaida, watu mia nne kwa siku, wote kwenye BCC, wasionane anwani. Zaidi ya mia tatu zikarudi. Waliojibu wawili: mmoja kauliza mimi nani, mwengine kanitukana kwa Kiitaliano (nimetafsiri, nimejuta). Bukingi hakuna hata moja.

Kinachoniuma ni kamisheni. Tovuti za bukingi zinatukata hata kwa mgeni anayekuja mara ya tatu na anamjua paka wetu kwa jina. Huyo ndiye nataka aniandikie mwenyewe moja kwa moja. Nifanyeje?

MzeeWaKasi
Dada, barua pepe siku hizi nani anasoma? Fungua kundi la WhatsApp.

BintiJambiani
Kaka, mtu wa miaka sitini aliyekuja 2016 nimtie kundini na watu 1,800 asiowajua? Si watatoka wote usiku ule ule.

FundiPosta
Pole dada. Naandikia wateja wa kampuni ya safari hapa Arusha mwaka wa sita sasa, na kosa la bango nililifanya kabla yako. Barua ikiwa picha tupu, mitambo ya kuchuja taka haina maneno ya kusoma, na mgeni ambaye simu yake haifungui picha anaona kisanduku cheupe tu. Achana na bango, andika maneno.

Ila ugonjwa hasa uko kwenye orodha. Barua 300 kurudi ni sawa na kumwambia Google kwamba hujui unamwandikia nani. Futa zote leo, na za kubahatisha moja au saba futa pia. Halafu kuna wanaobonyeza "taka". Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza: malalamiko yasifike asilimia 0.3, yaani watu watatu katika elfu. Mwitaliano wako angalau alikuandikia. Wengi hubonyeza kimya kimya, na barua zako zijazo zinaishia spamu hata kwa wanaokupenda.

Usiwaandikie wote. Wengi waliacha anwani kwa ajili ya kitabu, si kwa matangazo, na Ulaya tangu 2018 wana sheria ya kulinda taarifa za watu, GDPR, hawaichezei. Anza na waliorudi zaidi ya mara moja au waliowahi kukuandikia wenyewe. Wageni wapya waulize pale pale mapokezi, waweke tiki kwenye fomu wakikubali.

Nunua jina la nyumba la mtandaoni (domeni), linaloishia .co.tz, barua zitoke huko. Anayekuuzia mwambie aweke SPF na DKIM. Ni mistari michache kwenye mipangilio ya jina hilo, inathibitisha kwamba barua imetoka kwako na si kwa tapeli aliyevaa jina lako. Yeye ataelewa, wewe usiumize kichwa. Weka na kiungo cha kujitoa, kionekane. Anayejitoa usimnunie, maana angekosa pa kujitoa angekushitaki kwa Google.

Na usihesabu "waliofungua", maana hesabu hiyo hutegemea picha ya ndani ya barua kupakuliwa. Tangu 2021 simu za Apple huweza kupakua picha zenyewe, mwenye simu amelala fofofo, nawe unashangilia. Hesabu waliojibu.

NahodhaWaKaiti
Jirani, niko Paje, nafundisha kaiti, ule mchezo wa kuteleza baharini ukivutwa na tiara. Masika unamuuzia nani, mbu? Wageni wangu wanakata tiketi miezi kabla, tena kwa upepo: kusi, Juni hadi Septemba, au kaskazi, Desemba hadi Machi. Kitabu chako si kina tarehe? Aliyekuja Januari mwandikie habari za kaskazi, na mapema. Aliyekuja Julai akaona Mwaka Kogwa kule Makunduchi mwambie safari hii umepangwa lini. Wa fungate usimsumbue na upepo, hakuuona.

BintiJambiani
Nahodha, umenichekesha mpaka mama kauliza kuna nini.

Nimerudi baada ya wiki tano. Orodha imebaki watu 212, nimelia kidogo. Jina la nyumba tumelinunua, kijana wa mjini kayaweka hayo ya SPF. Nikachagua 61 waliokuja na kaskazi, nikaandika kwa Kiingereza changu cha skuli, mistari saba: mnazi wa mbele umeanguka, chumba namba 4 kina feni mpya, paka kazaa watatu, na bei ya Januari kwa atakayeniandikia mwenyewe. Chini jina langu, si "uongozi".

Iliyorudi moja. Wamejibu 14, na tisa kati yao wanauliza habari za paka. Mama mmoja wa Bremen kachukua vyumba viwili, siku kumi, na dada yake. Watatu wamejitoa, sikununa. Aliyenuna ni mpwa wangu, kwa ajili ya bango lake.

FundiPosta
Hongera. Picha ya hao watoto wa paka uliweka?

BintiJambiani
Moja tu. Ndogo.