Daktari akimgundua rubani ana sonona, aseme au anyamaze?

Mkazi_wa_Entebbe: Wakuu, naleta swali. Yule rubani msaidizi wa Germanwings, Andreas Lubitz, tarehe 24 Machi 2015 alimfungia kapteni nje, akaipeleka ndege kwenye milima ya Alps huko Ufaransa. Watu 150 wakafa, yeye akiwemo. Madaktari walikuwa wamempa karatasi za kupumzika, nyingine zikakutwa kwake zimechanwa. Mwajiri hakujua, maana siri ya mgonjwa Ujerumani haichezewi. Je, kwetu Uganda daktari alazimishwe kuripoti kwa mamlaka ya anga? Mimi nasema ndiyo, siku hiyohiyo.

Afande_Mstaafu: Sonona ni ugonjwa wa Wazungu walioshiba. Rubani wetu ana karo za watoto na za wapwa, atapata wapi muda wa sonona? Akisongwa na mawazo anajua waragi inauzwa wapi. Hofu yangu mimi ni hawa vijana wanaotoka chuo cha urubani cha Soroti, miwani ya jua na majivuno tu.

Nesi_Arua: Shikamoo Afande. Ndege ya shirika la LAM la Msumbiji, Novemba 2013, Maputo kwenda Luanda. Msaidizi alitoka kwenda chooni, kapteni akabaki peke yake na mlango ukafungwa. Ndege ikaanguka Namibia, watu 33 wote wakafa. Hiyo ni kabla ya Mjerumani. Walioshiba ni nani hapo?
Na wewe wa Entebbe, Lubitz mamlaka ilimjua. Alishawahi kukatiza mafunzo kwa sonona, na mwaka 2009 akarudishiwa cheti cha afya chenye alama ya masharti. Taarifa ilikuwepo. Ukimlazimisha daktari kusema, rubani hatakwenda kwa daktari, atanunua dawa kimyakimya duka la kona. Marekani tangu 2010 inaruhusu baadhi ya dawa za sonona kwa masharti, mtu atibiwe na aruke akiwa anaangaliwa.

Mwana_Teso: Ngoja kwanza. Soroti imeingiaje humu? Chuo kile kilianza 1971 kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima, Wakenya na Watanzania wamepita pale. Afande ataje rubani mmoja wa Soroti aliyefanya alichofanya Lubitz. Mmoja tu!

Afande_Mstaafu: Kijana, mimi nimepanda ndege za jeshi wewe hujazaliwa. Nimesema majivuno, sijasema kuua.

Mwana_Teso: Kupanda si kurusha, Afande. Hata mbuzi wanapanda ndege.

Hajati_Bombo: Banange, mbuzi tena! Jamani, mzee ni mzee. Ila Afande nawe, waragi si dawa. Wamarekani wanamkataza rubani kugusa chombo ndani ya saa 8 baada ya kunywa, na hangova ikizidi hapo bado hafai.

Boda_Msomi: Mnahangaika na sonona wakati adui ni usingizi. Si mnakumbuka ile ya Ethiopian, Agosti 2022? Ilitoka Juba sijui Khartoum…

Nesi_Arua: Khartoum.

Boda_Msomi: Haya, Khartoum. Ikapitiliza Addis kwa juu, mnara unaita, kimya. Iliripotiwa marubani walikuwa wamelala wote wawili, wakaamshwa na kengele iliyolia mtambo wa kujiendesha ulipojizima. Hapo daktari angeripoti nini? Aripotiwe anayepanga ratiba! Sisi wa boda tukisinzia tunakufa na abiria mmoja.

Mkazi_wa_Entebbe: Tusitoke nje ya mada. Nauliza siri ya daktari. Nesi, jambo la cheti cha 2009 nitalirudia.

Afande_Mstaafu: Kabla hujarudia, huyu Mteso aombe radhi kwa kuniita mbuzi.

Mwana_Teso: Sikukuita. Na wewe omba radhi kwa Soroti. Huo mtaala unaujua? Kabla ya leseni wanapimwa macho, masikio, moyo, na cheti kina muda, kinaisha. Jeshini walikupima kichwa lini?

Afande_Mstaafu: Kichwa changu kiliwalinda ninyi.

Nesi_Arua: Hiyohiyo ndiyo sonona isiyotibiwa, mtu anaulizwa kuhusu kichwa anachukua bunduki.

Afande_Mstaafu: Nesi, nimekuheshimu tangu ile shikamoo yako. Usinipime humu.

Hajati_Bombo: Mwana_Teso, samahani nakukatiza. Ada ya hapo Soroti sasa ni shilingi ngapi? Mjukuu wangu fizikia yake nzuri, na miwani ya jua tayari anayo.

Mwana_Teso: Hajati, njoo pembeni nikuelekeze. Humu kuna watu watakukatisha tamaa.

Afande_Mstaafu: Mwambie na bei ya mbuzi.