Wazee wa Vita vya Kagera wamebaki tisa katika daftari letu: niendelee na barua au niwahamishie kwenye simu?

BintiWaMvumi ameandika:

Wakubwa zangu shikamooni, na rika langu nawasalimu.

Baba yangu alikwenda vitani mwaka 1979 akitokea mgambo, akiwa na umri wa miaka 22. Platuni aliyopangiwa ilikuwa na vijana wengi wa Dodoma na Singida, na waliporejea waliahidiana kwamba hawatapoteana. Mwaka 1983 walikutana kwa mara ya kwanza nyumbani kwa mmoja wao huko Kongwa, wakachinja mbuzi, wakamteua mwenzao aliyekuwa mwalimu kuwa katibu. Katibu akafungua kaunta buku lenye majina 31, kila jina na sanduku lake la posta. Tangu hapo aliandika barua mbili kwa kila mtu kila mwaka: moja ya kujuliana hali baada ya mavuno, na nyingine ya kutaja siku na mahali pa kukutana.

Katibu huyo alifariki mwaka jana. Mjane wake alimletea baba lile daftari likiwa limefungwa kwa kanga, na baba, ambaye macho yake hayana nguvu tena, akanikabidhi mimi. Nimelisoma lote. Hakuna jina hata moja lililokatwa kwa mstari. Kila mzee alipofariki, katibu aliandika tarehe pembeni kwa kalamu nyekundu, kisha chini yake akaongeza jina la mke au mtoto wa kupelekewa salamu. Wazee walio hai sasa ni tisa, baba akiwemo.

Mwezi Februari niliwaandikia wale wanane. Watano wamejibu, wawili wako kimya, na barua moja imerudi na muhuri wa posta. Mmoja wa hao walio kimya anaishi upande wa Itigi na hana simu ya intaneti. Naomba ushauri: je, niendelee na barua, au nifungue kundi la WhatsApp kwa ajili yao na watoto wao? Je, wajane na watoto wahesabiwe kuwa wanachama, au mambo haya yaishe na wazee wenyewe? Na mkutano wa mwaka huu ufanyike wakati gani?

Kijana wa Nkuhungu amejibu:

Dada, pole kwa msiba wa katibu wenu. Mimi naona barua imepitwa na wakati. Fungua kundi, waingize watoto wa wazee, na kila mtoto amsomee mzazi wake ujumbe unaoingia. Gharama ni ndogo na taarifa ya ugonjwa au msiba itafika siku hiyohiyo, badala ya kusubiri wiki mbili.

Msomaji wa Chamwino amejibu:

Kuhusu taarifa za msiba nakubaliana na kijana wetu, ila kuhusu kuziacha barua sikubaliani naye. Nimesoma kwa miaka mingi habari za askari wa miavuli wa Vita Kuu ya Pili, kwa sababu nilitaka kuelewa ni kwa nini jamii zao zilidumu hata baada ya wapiganaji wenyewe kubaki wachache. Nitaeleza mifano miwili tu.

Usiku wa kuamkia 6 Juni 1944, askari wa miavuli wa Marekani walishuka katika mji mdogo wa Sainte-Mère-Église, Ufaransa, na waliouawa katika mapigano ya eneo lile walizikwa katika makaburi ya muda karibu na mji huo. Mke wa meya, mama Simone Renaud, alikuwa akipeleka maua makaburini. Picha yake akiweka maua juu ya kaburi la jenerali mmoja ilichapishwa katika gazeti la Marekani mwaka huohuo, na muda si mrefu akina mama kutoka ng'ambo wakaanza kumwandikia wakimwomba awatafutie kaburi la mtoto wao. Alilitafuta kila kaburi aliloulizwa, akajibu barua moja baada ya nyingine, na kazi hiyo aliifanya hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1988. Wale askari walionusurika na kuzeeka walikuwa wakirudi katika mji ule na kumwendea yeye kwanza. Tazama, dada: mama huyu hakuwa askari wala mzazi wa marehemu yeyote kati ya wale. Alikuwa mtu mmoja anayejibu kwa jina.

Mfano wa pili ni wa Arnhem, Uholanzi. Mwezi Septemba 1944 askari wa miavuli wa Uingereza na wa Poland walipigana huko kwa siku tisa. Kati ya takriban 10,000 waliotua kaskazini ya mto Rhine, waliofaulu kuvuka kurudi walikuwa kidogo zaidi ya 2,000. Wengine wengi walitekwa, na makaburi yaliyopo Oosterbeek, jirani na Arnhem, yanazidi 1,700. Tangu mwaka 1945 kumekuwa na ibada ya kumbukumbu kila Septemba, na watoto wa shule za pale husimama kila mmoja mbele ya kaburi moja, kisha wote huweka maua kwa wakati mmoja. Ilipofika mwaka 1969, yaani miaka 25 baada ya mapigano yale, upande wa jeshi la miavuli la Uingereza ulifikiria kwamba imetosha na shughuli ikomeshwe. Waliokataa ni wenyeji wa Uholanzi. Walikuwa wamezoea kuwapokea wazee wale majumbani mwao, na hawakuwa tayari kuwakosa.

Kwa hiyo swali lako la wajane na watoto limejibiwa na katibu wenu zamani, tena kwa kalamu nyekundu. Yeye hakusubiri kikao cha kujadili uanachama. Kundi la simu ni kama baraza: anayesema sana ndiye anayesikika, na mzee wa Itigi atakuwa ukutani bila mtu kugundua kwamba hayupo. Barua humwendea mtu mmoja, na asipojibu unajua ni nani hasa ambaye hajajibu. Fungua kundi kwa ajili ya watoto, lakini daftari usiliache.

Mstaafu wa Posta, Manyoni, amejibu:

Nilikaa dirishani posta kwa miaka mingi, kwa hiyo niruhusu nikuondolee hofu kuhusu barua iliyorudi. Barua kurudi si lazima iwe na maana kwamba mwenyewe amefariki. Mara nyingi sanduku limefungwa kwa sababu ada ya mwaka haikulipwa, na vijijini watu wengi hawana sanduku lao hata kidogo. Hutumia la shule, la kanisa, la msikiti au la zahanati. Mwalimu mkuu akihamishwa na mrithi wake hawafahamu wazee wa kijiji, barua inakaa mezani hadi inarudishwa. Andika upya kwa kupitia ofisi ya mtendaji wa kijiji, na juu ya bahasha uandike jina la mzee pamoja na jina la ukoo wake au kitongoji, kwa maana wazee wenye jina moja ni wengi. Ndani uweke bahasha nyingine yenye anwani yako na stempu yake. Mzee anayetegemea mjukuu kumwandikia hatapata kisingizio cha kusema hakuna fedha ya stempu.

Kwa yule wa Itigi, mpe barua konda wa basi, lakini umwambie jina la mwenye duka ambaye ataipokea. Ukimwambia tu "mpe mzee fulani", itazunguka naye hadi Singida na kurudi. Na herufi ziwe kubwa, wino mweusi. Nimeona barua nyingi nzuri zilizoandikwa kwa buluu hafifu ambazo mzee alizishika tu mkononi.

Afande wa Mpwapwa amejibu:

Binti yangu, marahaba. Mimi pia nilikuwa Uganda, ingawa si katika kombania ya baba yako, nami nitazungumzia suala la siku tu. Sisi tulijaribu kwanza kukutana 11 Aprili, siku Kampala ilipotwaliwa. Mara mbili wenzetu wa upande wa Bahi hawakufika kwa sababu ya matope. Tukahamia 25 Julai, Siku ya Mashujaa, wakati mavuno yamekwisha ingia ghalani, barabara ni kavu na kila nyumba ina chochote cha kumpa mgeni. Isitoshe, miaka ya karibuni maadhimisho ya kitaifa yamefanyika hapahapa Dodoma, katika Mji wa Serikali Mtumba, kwa hiyo mzee mwenye nguvu anaweza kuhudhuria asubuhi kisha akaja kwenye shughuli yenu mchana.

Jambo jingine ni kuita majina. Tunapokutana, katibu huita orodha yote kama ilivyokuwa siku ya kwanza, pamoja na marehemu. Jina la marehemu likiitwa, mjane au mtoto wake husimama na kuitikia, "Nipo kwa niaba yake." Mwaka wa kwanza tulipofanya hivyo hakuna aliyeweza kula kwa karibu saa nzima, na nikadhani tumekosea. Mwaka uliofuata ni wajane waliouliza kama majina yataitwa tena.

Nawe uwe mwangalifu: katika kundi la simu msiweke habari za vikosi, silaha wala picha za kambini. Kiapo hakistaafu.

BintiWaMvumi ameandika:

Nawashukuru nyote. Nimemsomea baba majibu yenu, naye aliniomba nirudie mara mbili ile habari ya mama wa Ufaransa. Tumekubaliana juu ya 25 Julai, nyumbani kwetu Mvumi, na majina yataitwa yote 31.

Jana jioni tulimwandikia mzee wa Itigi. Nilikuwa nimeanza moja kwa moja na tarehe ya mkutano, baba akanikatiza, akasema barua haianzi hivyo, akaniamuru nifute. Ikabidi nianze upya kama alivyotamka: "Salamu nyingi kama mchanga wa pwani. Mimi huku sijambo, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Kurasa mbili zimejaa, na mkutano umetajwa mstari wa mwisho. Kesho asubuhi naipeleka stendi. Mwenye duka wa kuipokea tumempata kwa njia ya paroko.